Mavi ya Kale Yananuka

Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Methali hii hutolewa pale mtu anapotaka kufukua ugomvi wa miaka iliyopita, na wakubwa wakamwambia aache, yamekwisha hayo. Kwa muda mrefu niliichukua kama ilivyo. Kisha nikaanza kusoma habari za mavi ya kale kweli kweli, yale yaliyokaa kisiwani kwa maelfu ya miaka, nikaona kwamba aliyetunga methali hii hakuwahi kufika Peru.

Kilichonianzisha ni mfuko wa mbolea. Mjomba wangu analima mahindi na mbaazi upande wa Babati, na siku moja nikamkuta anamimina kwenye ndoo unga wa rangi ya kijivu. Nikadhani ni saruji. "Mjomba, haya ni mavi ya ndege," akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuwaambia wengi na kuwaona wakishtuka. Ilikuwa mbolea ya Minjingu, inayochimbwa pale karibu na Ziwa Manyara. Nikacheka. Nilikuwa nimepita Minjingu kwa basi mara nyingi, nikaona kilima tu.

Hebu kwanza tumalizane na lugha, maana najua wapo walioukunja uso tangu walipoona kichwa cha habari. Kiswahili kina adabu nyingi kuhusu jambo hili. Tuna haja kubwa, tuna choo, tuna kinyesi kwa ajili ya daktari, na tuna samadi, neno tulilolipata kwa Waarabu, ambalo likitumika shambani hakuna anayeziba pua. Mavi ndilo neno lenyewe, na ndilo tunalolikwepa. Lakini tazama lilivyo na kazi: uchafu unaobaki mhunzi akishayeyusha chuma unaitwa mavi ya chuma, na hakuna aliyewahi kuona haya kulitamka. Kwa hiyo mniwie radhi, nitaliita kitu kwa jina lake.

Sasa twende Peru. Pwani ya nchi hiyo, kilomita kama 20 kutoka mji wa Pisco, kuna visiwa vitatu vidogo vinavyoitwa Chincha. Havina maji, havina mti, na mvua karibu hainyeshi kabisa. Sababu ni mkondo wa maji baridi unaopita baharini kutoka kusini: hewa iliyo juu yake inapoa na mawingu ya mvua hayajengeki. Baridi hiyohiyo huleta juu virutubisho kutoka kilindini, na virutubisho hulisha samaki wa jamii ya dagaa kwa wingi usiohesabika. Dagaa huwalisha ndege: minandi, mwari na wengineo, mamilioni kwa mamilioni. Ndege wanataka mahali pakavu pasipo na mnyama wa kula mayai yao, basi wanarudi visiwani, wanataga, na wanakunya.

Ukimchunguza kuku utaelewa sehemu iliyobaki. Kile cheupe kinachokaa juu ya mavi yake kama chokaa ni asidi ya yuriki. Sisi binadamu tunaitoa naitrojeni iliyozidi mwilini kupitia mkojo, na kwa hilo tunahitaji maji mengi. Ndege hubana maji, naitrojeni yake hutoka kama ujiuji mweupe kupitia tundu lilelile moja. Penye mvua, uji huo huoshwa. Chincha haukuoshwa. Ulikauka, ukafunikwa na wa mwaka uliofuata, nao ukafunikwa na wa mwaka mwingine, hadi mahali pengine ukawa mlima wa makumi ya mita kwenda juu. Ndani yake naitrojeni, fosforasi na potasiamu, yaani vile vitu vitatu ambavyo shamba lililochoka huvililia, vimo pamoja. Waquechua wakauita wanu. Wahispania wakaandika guano, na dunia ikafuata, nasi hapa tutasema guano.

Wenyeji waliijua thamani yake karne nyingi kabla ya mzungu yeyote kuandika chochote. Garcilaso de la Vega, mwana wa mama wa ukoo wa Inka na baba Mhispania, aliandika mwaka 1609 kwamba enzi za Inka ilikuwa marufuku kutia mguu visiwani wakati ndege wanataga, na aliyevunja amri alistahili kifo. Kila wilaya ilikuwa na sehemu yake ya kisiwa, na kuchota kwa jirani ilikuwa kosa. Nimeisoma habari hiyo mara kadhaa kwa wivu kidogo. Ni dola ngapi leo zina sheria ya kumlinda ndege kwa sababu anakunya?

Alexander von Humboldt alipopita Callao mwaka 1802 alichukua sampuli, akazipeleka Ulaya, na wakemia wa Paris wakazipima. Haikutokea kitu kikubwa mara moja. Ilibidi kwanza Ulaya ishikwe na hofu ya kula. Miji ilikuwa inapanuka, mashamba yalichoka, na mavi ya mjini, ambayo zamani yalirudi shambani, yalianza kumwagwa mitoni. Mwaka 1840 Justus von Liebig, mkemia wa Ujerumani, alichapisha kitabu kilichowaeleza wakulima kwamba udongo ni kama akaunti: ukitoa bila kuweka, itafika siku utaambiwa salio halitoshi. Mwaka huohuo Peru ilitia saini mkataba wa kwanza wa kuuza guano nje, na mwaka uliofuata shehena ya kwanza ya biashara hiyo ikafika Liverpool. Mkulima wa Kiingereza aliyeinyunyiza shambani aliona tofauti kwa macho yake msimu uleule.

Kilichofuata ni wazimu, sina neno lingine. Kati ya 1840 na 1880 Peru iliuza nje zaidi ya tani milioni 10 za mavi ya ndege. Katika miaka ya neema zaidi ya nusu ya mapato ya serikali yake ilitoka humo. Rais wa Marekani Millard Fillmore, akilihutubia bunge lake mwishoni mwa 1850, alitenga nafasi ya kuzungumzia bei ya guano. William Gibbs, ambaye kampuni ya familia yake ndiyo iliyokuwa na haki ya kuiuza Uingereza, alijijengea karibu na Bristol jumba la Tyntesfield, lenye minara na kanisa lake la ndani, na watu wa mjini wakamtungia kibwagizo cha dhihaka kuhusu asili ya fedha hizo. Jumba lipo hadi leo, linatembelewa kwa tiketi.

Lakini nani alikuwa anachimba?

Mwanzoni walikuwa wafungwa, askari watoro na watumwa. Hawakutosha. Mwaka 1849 Peru ilipitisha sheria iliyompa zawadi kwa kila kichwa mtu aliyeleta vibarua kutoka nje, na miongoni mwa walionufaika alikuwa Domingo Elías, mwanasiasa na mwenye mashamba, ambaye pia alikuwa na mkataba wa kupakia guano pale Chincha. Mtu huyohuyo analeta vibarua, mtu huyohuyo anavitumia visiwa. Kati ya mwaka huo na 1874 Wachina wapatao 90,000 hadi 100,000 walifikishwa Peru, wengi wao kupitia Macao. Walio wengi walikwenda kwenye mashamba ya miwa na pamba. Waliobahatika vibaya, mamia kwa wakati mmoja, waliteremshwa visiwani.

Mkataba ulikuwa wa miaka minane, mshahara peso 4 kwa mwezi. Baadhi waliweka alama ya kidole bila kujua wanakwenda wapi, wengine walilaghaiwa, wengine walitekwa. Kisiwani kazi ilikuwa sururu na toroli. Mabaharia na wasafiri waliopita wakati huo wameandika kwamba kila mtu alipangiwa tani 4 au 5 kwa siku, na asiyezifikisha alichapwa. Mlima wenyewe ulikuwa umeshikana kama mwamba, ukigongwa unatoa vumbi la njano kali la amonia. Guano iliteremshwa kutoka juu ya majabali kwenye mirija mikubwa ya turubai hadi ndani ya meli, na waliokuwa chini kuisambaza walijifunga nyuzi za kamba puani na mdomoni, wakakaa dakika 20 hivi, wakapanda juu wakitokwa machozi na damu puani, wengine wakashuka. Mabaharia walifanya hivyo siku chache kisha wakatweka tanga. Wachina walibaki. Habari zinazorudiwa na mashahidi wengi ni za watu kujirusha majini kutoka kwenye majabali, mmojammoja na kwa makundi, hadi walinzi wakawekwa ufukweni kuwazuia wasife kabla ya mkataba kwisha.

Kwa Kiingereza Wachina hao waliitwa kwa neno ambalo sisi tunalijua vizuri sana: kuli. Ni neno lilelile la makuli wa bandari ya Dar es Salaam na Mombasa, lililokuja kwetu kwa njia ya Bahari ya Hindi. Adam Shafi aliliweka juu ya jalada la riwaya yake, Kuli, kuhusu wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Nilipokuwa nasoma kuhusu Chincha niliirudia riwaya hiyo, nikayasoma upya mabega yale na magunia yale. Kwa Shafi, kuli ana jina, ana mama, ana njaa, na mwisho ana sauti. Kwenye nyaraka za Chincha, kuli ni idadi.

Na hapa kuna jambo lililonikosesha usingizi. Mwaka 1854 Ramón Castilla, aliyekuwa akipigania madaraka ya Peru, alitangaza mwisho wa utumwa. Watu Weusi wapatao 25,000 wakawa huru. Mabwana zao walilipwa fidia, peso 300 kwa kila mtumwa, na fedha ya fidia ilitoka wapi? Kwenye guano. Mwaka uleule Wahindi wa milimani wakafutiwa kodi ya kichwa, nayo ikafidiwa kwa guano. Yaani uhuru wa Mwafrika wa Peru ulilipiwa na mavi, na mavi yalichimbwa na Mchina mwenye mkataba. Sijui la kusema juu ya hilo. Siwezi kumwambia aliyekatiwa pingu kwamba uhuru wake umechafuka. Wala siwezi kujifanya sikuona pingu zilihamia kwa nani.

Niseme kitu cha nyumbani. Nilipokuwa mdogo tuliishi uswahilini Dar es Salaam, na masika yakichanganya vyoo vya shimo vilijaa. Basi wanaitwa watu wa kutapisha. Walikuja usiku. Walichimba shimo la pili kando, wakaingia, wengine hadi kiunoni, na ndoo, na kijiti cha sigara mdomoni kupambana na harufu, na chupa ya gongo. Asubuhi kazi imekwisha, mchanga umefukiwa, watoto wanacheza juu yake. Mama alituzuia tusichungulie dirishani. Nilidhani anatukinga na uchafu. Siku hizi nadhani alikuwa anawastiri wale watu, kwa maana mmoja wao tulikuwa tunamwamkia shikamoo mchana. Alifanya kazi ambayo mtaa mzima uliihitaji, na mtaa mzima ulikubaliana kutomwona.

Waandishi wa hadithi waliona mapema kwamba guano na ukatili vinakwenda pamoja. Katika Lord Jim ya Joseph Conrad, ya mwaka 1900, anatokea mtu mmoja aitwaye Chester, ana kisiwa cha guano kisicho na maji, na anamtaka Jim akawe msimamizi wa makuli huko. Kwa maoni ya Chester ni kazi safi kabisa kwa kijana aliyeharibu jina. Nusu karne baadaye Ian Fleming alimpa adui wa James Bond, Dr No, kisiwa cha guano kama kificho, kisha akamuua kwa kumfukia humohumo. Wasomaji wengi hucheka kwenye ukurasa ule.

Peru haikuachwa peke yake. Mwaka 1843 hadi 1845 Waingereza walikivamia kisiwa cha Ichaboe, kando ya pwani ya Namibia, chenye ukubwa wa viwanja vichache vya mpira. Mamia ya meli yalitia nanga kwa wakati mmoja, maelfu ya mabaharia wakaparurana kugombea sehemu za kuchimba, na katika muda usiofika miaka miwili kisiwa kikakwanguliwa hadi jiwe, tani 300,000 hivi. Pengwini wa pale, waliozoea kuchimba viota ndani ya guano, wakabaki wakitaga juu ya mwamba, kwenye jua.

Marekani nayo ilipitisha mwaka 1856 sheria inayomruhusu raia wake yeyote akikuta kisiwa kisicho na watu na kina guano, akidai kwa niaba ya nchi. Ndivyo walivyokichukua Navassa, ambacho Haiti ilisema na inasema hadi leo kuwa ni chake. Wachimbaji walikuwa watu Weusi walioandikishwa Baltimore, miaka zaidi ya 20 baada ya utumwa kufutwa, nao walikuta wasimamizi Wazungu, duka la kampuni lenye bei za kuwala mshahara, na adhabu ya kuning'inizwa kwa mikono. Septemba 1889 waliinuka. Wasimamizi watano wakauawa. Watatu kati ya wafanyakazi walihukumiwa kunyongwa, na kesi yao ikafika Mahakama Kuu ya Marekani. Swali lililojadiliwa pale halikuwa kama walitendewa unyama, ila kama Navassa ni Marekani. Mwaka 1890 mahakama ikajibu kuwa ni Marekani. Rais Benjamin Harrison ndiye aliyewaondolea kitanzi mwaka uliofuata, baada ya kuarifiwa walivyokuwa wanaishi na baada ya maombi mengi, ya makanisa ya watu Weusi yakiwemo, akaeleza kwamba watu wale walikuwa kwenye nchi ya Marekani bila kuwa na afisa yeyote wa serikali wa kumpelekea malalamiko. Kwa ufupi, nchi ilikuwepo kwa ajili ya mavi tu.

Mengine nayapita haraka. Hispania iliviteka visiwa vya Chincha mwaka 1864 ikapigana vita kwa ajili yake. Guano bora ikaisha miaka ya 1870, na Peru, iliyokuwa imekopa dunia nzima kwa dhamana ya mavi yajayo, ikashindwa kulipa mwaka 1876. Kisha Chile, Peru na Bolivia zikapigania chumvi ya naitrati ya jangwani, na Bolivia ikapoteza pwani yake hadi leo. Mwaka 1909 Fritz Haber akaonyesha jinsi ya kutengeneza amonia kutokana na hewa, Carl Bosch akaifanya kiwanda mwaka 1913, na ndege wakapumzika. Watafiti wanakadiria kuwa karibu nusu ya naitrojeni iliyomo miilini mwetu sasa imepitia viwanda vya aina hiyo. Amonia hiyohiyo ilitengeneza baruti za vita vilivyofuata, lakini hiyo ni insha nyingine.

Peru ilijifunza kitu. Tangu 1909 serikali yake ndiyo inayosimamia visiwa, kuna walinzi, kuna zamu za kupumzisha ndege, karibu na Inka walivyofanya. Bado kinachochimbwa kinachimbwa kwa mkono, na watu wanaoshuka kutoka milimani kwa msimu, kwa sababu mashine zingewatisha ndege.

Na Minjingu? Kile kilima nilichokuwa nakipita kwa basi kilikuwa kisiwa. Zamani za kale Ziwa Manyara lilikuwa kubwa na refu zaidi kwenda juu, kilima kikazungukwa na maji, na minandi, ndugu wa wale wa Chincha, wakakaa humo wakala samaki na kukunya kizazi baada ya kizazi. Tofauti ni mvua. Sisi tuna masika, kwa hiyo naitrojeni iliyeyuka ikaenda zake, ikabaki fosfeti, ikagandamana na mifupa ya ndege na ya samaki hadi ikawa mwamba laini. Mwaka 1956 ndege ya chuma iliyokuwa ikitafuta urani ilipita juu, vyombo vyake vikasikia mnururisho kidogo kutoka kilimani, maana fosfeti ile imebeba urani kidogo. Wakashuka wakitarajia madini ya bomu. Wakakuta mavi. Uchimbaji mkubwa ulianza miaka ya 1980, na wakulima wa Tanzania na Kenya wanayanunua kwa mifuko.

Niliporudi Babati nilimsimulia mjomba yote haya, jioni, tukiwa tumekaa juu ya mifuko hiyohiyo. Habari za Humboldt hazikumgusa. Ya jumba la Tyntesfield yalimchekesha sana. Nilipofika kwa Wachina alinyamaza, akaniuliza kama walikuwa wanalipwa. Nikamwambia, peso 4 kwa mwezi, kwenye karatasi.

"Na walizikwa wapi?"

Palepale kisiwani, nikamwambia. Wengine kwenye guano yenyewe.

Mjomba akainuka, akakung'uta suruali, akatazama alipokuwa amekaa. Kisha akauliza, "Halafu wale waliokuja kuchimba, walifanyaje walipowakuta?" Nikamwambia hilo sijalisoma mahali.

"Litafute," akasema, akaenda kufunga ng'ombe.